Kayaki sio ya Januari pekee, angalia saa

Watu wengi huku Nairobi wanaamini kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia, ni ya Januari na Februari jua likiwaka, eti Julai na ile baridi hakuna kitu. Si hivyo jamani. Ukienda Naivasha cha kuangalia kwanza ni saa, manake asubuhi ziwa huwa limetulia tuli, lakini nchi kavu ikishapata joto hewa inapanda, upepo unaingia, na mchana mawimbi yanapiga ubavu wa kayaki, unavuta kasia na husogei. Tena huo upepo unasukuma magugumaji, pale uliposhukia asubuhi unapata pamezibwa kijani kibichi. Na jua kali ndo linauchochea! Asubuhi ya Julai yenye mawingu ni tamu sana, vaa tu nguo inayokauka haraka, sweta la pamba likilowa linakugandisha.

Masika nayo manyunyu hayana shida, radi ndo ya kuogopa, ukisikia ngurumo rudi nchi kavu hapo hapo. Mafunjo kaa nayo mbali msimu wowote, viboko hushinda humo kwenye maji ya kina kifupi. Na laifujaketi, lile koti la kukuelesha majini, ifungwe hata kama unajua kuogelea, tafadhali.