Ayubu hakurudishiwa watoto wake

Nimelisikia tena wiki hii, msibani. Mama amemzika mwanawe juzi tu, muumini mwenzake akamshika mkono akamwambia, "Usilie, Bwana atakurudishia mara mbili kama Ayubu." Yule mama akauchomoa mkono taratibu, akageukia ukutani.

Miaka yote niliyoketi na waliofiwa, waliofilisika na walioachwa, hakuna neno linalonichosha kama hilo. Anayelisema hajaisoma habari ya Ayubu hadi mwisho.

Basi tuisome. Sura ya kwanza ya kitabu chake katika Biblia, kabla ya kupoteza mali na watoto wake wote, Ayubu ana kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Sura ya 42, baada ya kurejeshewa, kondoo ni 14,000, ngamia 6,000, jozi za ng'ombe 1,000 na punda 1,000. Mara mbili kamili. Sasa hesabu watoto. Mwanzoni wana 7 na binti 3. Mwishoni? Wana 7 na binti 3. Wale 10 walioangukiwa na nyumba ya kaka yao hawakurudi. Hawa ni watoto wengine.

Mstari wa 10 wa sura hiyo ndio wa "mara mbili", na wahubiri wengi huifunga Biblia hapo. Wa 11 unasema ndugu zake walikuja, wakala naye, wakamlilia na kumtuliza moyo. Aliyekwisha kurejeshewa bado analiliwa! Tena alipomwambia Mungu "sasa jicho langu linakuona", hakuwa amerudishiwa hata kondoo mmoja. Alikuwa bado mavumbini. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba Mungu hurejesha, na nimeona akifanya hivyo. Lakini usimwahidi mfiwa kitu ambacho hata Ayubu hakupewa. Ukienda msibani, fanya walichofanya rafiki zake kabla ya kufungua vinywa: waliketi naye chini siku saba, kimya. Mambo yaliharibika walipoanza kuhubiri.

Walihubiri nini? Kwamba shida ni ushahidi wa dhambi iliyofichwa. Dhana hiyo ingali hai makanisani, ingawa Mungu mwenyewe alimwambia Elifazi, mmoja wa rafiki hao, kwamba amemkasirikia yeye na wenzake wawili. Yesu naye aliikataa alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosaji kuliko wengine.

Yeremia 29:11, "mawazo ya amani", nasikia ukitumiwa kama ahadi ya mafanikio ya mwaka huu. Soma mstari wa juu yake: ni barua kwa Wayahudi waliohamishwa, nayo inawaambia watakaa miaka 70 Babeli. Wengi waliosomewa barua ile walizikwa ugenini.

Wengine hudhani ukisamehewa, matokeo nayo yamefutwa. Mfalme Daudi alipozini na mke wa mtu, nabii Nathani alimwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na papo hapo akamwambia mtoto aliyezaliwa atakufa. Msamaha ulikuwa wa kweli, na kilio pia.

Halafu kuna wanaosema aliyeanguka hafai tena kutumika. Petro, mwanafunzi wa Yesu, alimkana Bwana akiota moto katika ua wa kuhani mkuu, moto wa makaa. Katika Yohana 21 anashuka pwani na kukuta moto wa makaa tena, samaki juu yake, na mkate. Alilishwa kwanza. Kisha Yesu akamuuliza mara tatu kama anampenda, sawa na alivyokana, na kila alipojibu alikabidhiwa kondoo, yaani watu wa Yesu, awachunge.