Je, sufuria ya kutengenezea bia inahitaji geji?

Anayenunua sufuria ya kutengenezea bia nyumbani hapa Denver hulazimika kuchagua kati ya ile isiyo na tundu lolote na ile iliyokwisha kutobolewa. Tundu la chini ni la koki, na hilo sina ubishi nalo, kwa sababu kuinua lita 25 za maji yanayochemka na kuzimimina kwa mikono ni hatari isiyo na sababu. Ubishi uko kwenye matundu ya juu yake: la kipimajoto cha mshale kinachofungwa ubavuni, na, katika sufuria za bei kubwa zaidi, la mrija wa kioo unaoonyesha kiasi kilichomo ndani. Wanaoanza kazi hii huniuliza kuhusu geji hizi kuliko wanavyoniuliza kuhusu hamira, ilhali hamira ndiyo inayoamua ladha.

Msimamo wangu ni kwamba geji inastahili kutobolewa tundu pale tu namba yake inapokufanya uchukue hatua wakati uleule, na pale ambapo huna njia nyepesi zaidi ya kuipata namba hiyo kwa usahihi ule ule. Kwa kipimo hicho, kipimajoto cha ubavuni hakifai kwa watu wengi, na mrija wa kioo hufaa kwa wachache.

Nianze na joto. Kimea kilichosagwa kinapochanganywa na maji ya moto, vimeng'enya vyake huanza kuvunja wanga kuwa sukari. Viwili ndivyo vyenye kazi kubwa: kimoja hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi na hutoa sukari ambayo hamira huimaliza yote, na kingine hupendelea nyuzi 70 hivi na huacha sukari nzito zinazobaki kwenye bia kama unene wa mdomoni. Ndiyo maana tofauti ya nyuzi mbili au tatu huweza kugeuza bia kavu na nyepesi kuwa bia nzito na tamu, hata kama kimea ni kile kile na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, ni zile zile. Tangu Michael Combrune, mtengenezaji bia wa London, alipoanza kuandika kuhusu kipimajoto katika miaka ya 1750, hakuna mtu makini anayebisha kwamba joto lazima lipimwe. Suala ni lipimwe mahali gani, na kwa chombo gani.

Kipimajoto cha mshale kina koili ndogo ndani ya kijiti chake, iliyoundwa kwa metali mbili zilizobanwa pamoja, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto. Kutanuka huko kusiko sawa huizungusha koili, na koili huuzungusha mshale. Ni ufundi mzuri usiohitaji betri, lakini geji za bei ya kawaida huweza kukosea kwa nyuzi moja au mbili, yaani kosa lenye ukubwa ule ule wa tofauti tunayotaka kuiona. Isitoshe, koili huhisi joto la sehemu nzima ya kijiti iliyozama, si la ncha peke yake, na kijiti chenyewe kimekaa karibu na ukuta wa sufuria, mahali ambapo uji wa kimea hupoa upesi moto ukizimwa na hupata joto la ziada moto ukiwashwa.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Washa moto chini ya uji wa kimea bila kukoroga, tazama mshale unavyopanda, kisha chovya kipimajoto cha kidijitali cha mkononi, chenye ncha nyembamba, katikati ya sufuria, halafu karibu na kitako, halafu karibu na uso wa juu. Utapata namba tatu zinazotofautiana kwa nyuzi kadhaa, na geji ya ubavuni itakuwa imekupa ya nne. Kipimajoto cha mkononi husoma kwa sekunde chache na huenda popote unapotaka. Geji husoma mahali pamoja, na mahali penyewe palichaguliwa na aliyetoboa tundu, ambaye hakujua utatumia lita ngapi. Ukitengeneza bia kidogo, kijiti hubaki hewani na mshale husoma mvuke.

Kwa wanaoishi nyanda za juu kuna jambo la ziada. Watu wengi hurekebisha geji zao kwa maji yanayochemka, wakiuzungusha mshale hadi 100. Hapa Denver, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nairobi iko juu zaidi, na maji yake huchemka karibu na nyuzi 94. Aliyesoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya pwani, akayafuata Nairobi, atakuwa ameiharibu geji iliyokuwa sahihi. Aliye Mombasa hana tatizo hilo. Njia salama kila mahali ni barafu iliyopondwa, ikatiwa maji kiasi cha kujaza nafasi tu, ikakorogwa: hiyo ni sifuri popote ulipo. Hata hivyo, geji iliyo sahihi kwenye sifuri haina lazima ya kuwa sahihi kwenye 66, kwa hiyo ilinganishe na kipimajoto unachokiamini kwenye joto lile lile la kazi.

Tundu nalo lina gharama zake. Upana wake huzidi kidogo milimita 20, huzibwa kwa nati na pete ya silikoni, na pete hiyo huchoka. Wanaotumia mfuko wa kuchujia kimea wanajua jinsi kijiti kinavyonasa kitambaa wakati wa kuuinua. Koili ya shaba ya kupoozea nayo hugongana nacho. Nyuma ya nati hujificha mabaki ya sukari ambayo brashi haiyafikii.

Mrija wa kioo ni habari nyingine, kwa sababu kiasi kina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua lita 27 za maji ya kimea zenye msongamano wa 1.044, yaani mara 1.044 ya ule wa maji, kabla ya kuchemsha. Zikipungua hadi lita 23, haidromita, chombo cha kupimia msongamano huo, itasoma 1.052 hivi, zikipungua hadi 24 tu, itasoma karibu 1.050. Kwa hiyo kujua kiasi kabla ya dakika 60 za kuchemsha na baada yake ndiko kunakokuwezesha kurefusha mchemko au kuongeza maji kabla mambo hayajapita.

Mrija hutumia kanuni ya vyombo vilivyounganika: kina cha ndani na cha nje husawazika. Tatizo ni kwamba maji hutanuka kwa asilimia 4 hivi kutoka nyuzi 20 hadi yanapokaribia 100, na yaliyomo kwenye mrija hupoa kuliko ya ndani. Yaliyopoa ni mazito zaidi, hivyo husimama chini kidogo. Kwenye kina cha sentimita 25, pengo huweza kukaribia sentimita moja. Mrija ukipoa kabisa, usomaji wake hukaribia kiasi utakachopata bia ikipoa. Ukiwa moto, hukaribia kiasi cha moto. Ukiwa vuguvugu, hujui uko wapi kati ya hivyo viwili. Na kama umeungwa kwenye bomba moja na koki, pampu ikiwaka usomaji hushuka, hivyo zima pampu kabla ya kusoma.

Katika sufuria ya lita 30 au 40 ambayo unaweza kuchungulia ndani, fimbo ya chuma kisichoshika kutu iliyochongwa alama hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Sufuria yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 36 ina bahati ya pekee: kila sentimita ya kina ni takriban lita moja, na rula ya kawaida inatosha. Chombo cha lita 80 kilichowekwa juu ya stendi, au chenye mfuniko usiofunguliwa ovyo, hapo mrija una haki ya kuwepo, hasa kwenye sufuria ya maji ya moto unayochotea kidogo kidogo.

Na kama mtambo wako una pampu inayozungusha uji wa kimea, usitoboe ubavu hata hivyo. Weka kihisi kwenye bomba la kutokea, kabla maji hayajafika kwenye pampu, kwa sababu hapo hupita yote yaliyochanganyika, na kidhibiti cha umeme kitakuwa na namba ya maana ya kufuata.