Kutokwa na jasho kupita kiasi: maana yake na tiba

Mwezi Julai, Arusha watu huvaa makoti mazito. Mtu ambaye viganja vyake vinachuruzika katika baridi hiyo, karatasi ya mtihani ikalowa na kidole kikagoma kusomeka kwenye mashine ya alama za vidole, hatoki jasho la joto. Kitabibu hali hiyo huitwa haipahidrosisi: mwili kutoa jasho kuliko unavyohitaji kujipoza.

Ngozi yetu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Kwa wenye tatizo hili, tezi zenyewe kwa kawaida ni nzima. Mishipa ya fahamu ndiyo inayozichochea mno. Si uchafu wala si woga, na inaniuma kuona kijana anakwepa kumpa mzee mkono, kisha anaitwa hana adabu. Huanza utotoni au wakati wa balehe, hushika viganja, nyayo, makwapa au uso, mara nyingi hurithiwa, na mtu akilala hukoma.

Hilo la usingizi lizingatiwe sana. Anayeamka shuka limelowa, hasa kama anakohoa, anakonda au ana homa, akapimwe kifua kikuu bila kuchelewa. Jasho la mwili mzima lililoanza ukubwani laweza kuletwa pia na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, sukari kushuka, kukoma hedhi au dawa anazotumia mtu.

Tiba huanza na dawa ya kupaka yenye aluminiamu kloraidi. Wengi huipaka asubuhi wakitoka kuoga, halafu hulalamika haifanyi kazi. Ipakwe usiku, ngozi ikiwa kavu kabisa, maana huziba vitundu vya jasho wakati tezi zimetulia, asubuhi ioshwe. Diodoranti ni kitu kingine, hiyo inashughulika na harufu. Isiposaidia, zipo sindano za botulinamu, dawa inayozuia mishipa ya fahamu kuchochea tezi, ambazo nguvu yake huisha baada ya miezi kadhaa, tiba ya kuloweka viganja kwenye maji yanayopitishwa umeme mdogo, na vidonge ambavyo hukausha mdomo. Upasuaji wa kukata neva (mishipa ya fahamu) kifuani uwe wa mwisho kabisa: viganja hukauka, lakini wengi huanza kulowa mgongo na tumbo.

Kwa watu wa Moshi na Arusha, wataalamu wa ngozi hawako mbali. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Ukienda, mweleze daktari jasho lilianza lini, linatoka wapi, kama linakuja usiku, na umbebee dawa zote unazomeza.