Mizani ya hopa ikikosea, anza kuangalia hewa

Mvua ya Aprili ilikuwa imeshika kasi nilipoitwa kwenye kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo hapa Nakuru. Wafugaji wa upande wa Bahati walikuwa wamerudisha chakula cha kuku wa mayai, wakisema maganda ya mayai yamekuwa laini, yakishikwa yanapasuka. Maabara ikathibitisha: chokaa ni pungufu. Msimamizi wa zamu alinipokea getini na hukumu yake tayari: "Injinia, mizani imekufa. Tuletee nyingine."

Chokaa pale hupimwa kwenye hopa, yaani pipa la chuma la kupokelea unga, ndogo ya kilo 300, inayokaa juu ya lodiseli tatu. Kwa asiyeijua, lodiseli ni kipande cha chuma chenye nyuzi nyembamba za kupitisha umeme zilizogandishwa juu yake. Mzigo ukikipinda kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, nyuzi huvutika na ukinzani wake kwa umeme hubadilika, na badiliko hilo ndilo husomwa kama uzito. Ufundi huo wa kugandisha nyuzi ulibuniwa Marekani mwaka 1938, na mpaka leo tunautegemea.

Nilipakia mawe kumi ya mizani, kila moja kilo 20. Kioo kikasoma 200. Nikayatoa, kikarudi sifuri. Mizani ilikuwa nzima, na msimamizi hakufurahi, kwa sababu mizani mbovu ina dawa rahisi: unanunua nyingine.

Nikaomba waendeshe mtambo huku nikitazama namba. Skrubu ya chokaa, ule mhimili wa mzunguko unaosukuma unga ndani ya bomba, ikaanza kusukuma, namba zikapanda hadi 85, skrubu ikasimama. Kompyuta ya mtambo ikaandika "kilo 85, sawa" na kuendelea na soya. Nikawaambia wasimamishe kila kitu pale pale. Tukasubiri. Polepole namba zikaanza kushuka: 82, 79, mwisho 75. Chokaa haikuwa imevuja popote.

Unga ukiingia kwenye hopa iliyofungwa, hewa iliyokuwemo lazima itoke. Hutoka kupitia mfuko wa kitambaa ulio juu, unaochuja vumbi. Mfuko huo ulikuwa umelowa kwa mvua iliyopenya paani, vumbi la chokaa likagandia juu yake kama lipu ya ukutani. Hewa ikakosa njia. Nilichukua bomba la plastiki linaloonyesha ndani, nikalipinda mfano wa herufi U, nikatia maji na kuunganisha upande mmoja kwenye hopa. Skrubu ilipowashwa, maji yalipishana milimita 50. Wengi huona hiyo ni hewa ya kupuliza chai.

Lakini piga hesabu. Hopa ile ina midomo minne ya kuingizia, kila mmoja kipenyo cha sentimita 25, na kila mmoja umeungwa kwa shati la turubai ili bomba la juu lisiiguse mizani. Hewa iliyobanwa husukuma kuta za hopa pande zote, na misukumo hiyo hufutana, isipokuwa pale kwenye midomo. Pale hakuna paa la hopa la kusukumwa juu, kwa hiyo msukumo wa chini hubaki bila wa kuupinga. Milimita 50 za maji juu ya eneo la midomo minne ni kilo kumi. Kompyuta ilikuwa ikipima kilo 75 za chokaa na kilo kumi za hewa.

Mbona soya haikupungua? Kwa sababu chokaa ndiyo hutangulia kwenye hopa ile. Sifuri yake huchukuliwa hewa ikiwa imetulia. Soya inapoanza, shinikizo lipo tayari na limeshahesabiwa. Anayetangulia ndiye anayelipa.

Bado kulikuwa na jambo moja lililonikera. Kompyuta hizi huwekewa muda wa kutulia kabla ya kuandika uzito. Pale uliwekwa sekunde tano, na mtu fulani akaushusha hadi moja ili tani zaidi zitoke kwa zamu. Muda huo huo ndio unaoisaidia kompyuta kujua ni unga kiasi gani ulikuwa ungali hewani skrubu ilipokatwa, ili mara ijayo ikate mapema. Ukiunyima muda, inajifunza uongo na kuushika kwa bidii.

Kuna hewa ya aina nyingine inayowasumbua wanaoleta mitambo kutoka Pwani. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina uzito wa karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Bloa, mashine inayopuliza unga ndani ya bomba, iliyousukuma vizuri kule, huku inasukuma hewa nyepesi. Ukiipa mzigo ule ule, unga unatua chini ya bomba na kona ya kwanza inaziba.

Uzito nao haubaki vilevile. Lodiseli hupima nguvu, na mvutano wa dunia huku, karibu na ikweta na kwenye mwinuko huu, ni pungufu kuliko wa Ujerumani kwa karibu asilimia 0.35. Hopa ya tani moja iliyosahihishwa kule husoma hapa pungufu ya kilo tatu na ushei. Ndiyo maana nabeba mawe yangu kwenye pikapu, hata mteja akinionyesha cheti chenye mihuri mitatu.

Nikiwa pale niliona hopa ya wishwa imejaa makovu ya nyundo. Wishwa ikilowa hujishikilia juu ya mdomo kama daraja, na vijana hugonga. Kila kovu ni ngazi mpya ya daraja lijalo kusimamia. Nimewaambia. Nyundo bado ipo, imefungwa kwa kamba ili isipotee.

Tulibadilisha mfuko, tukaziba paa, muda ukarudi sekunde tano. Bomba la maji nimeliacha limefungwa ukutani kando ya hopa, na alama nyekundu kwenye milimita kumi. Juzi msimamizi alinipigia simu. Maji yalikuwa yamefika alama, na alitaka kujua kama sekunde tatu hazingetosha.