Maharage, Sumaku na Kipunji: Sayansi ya Nyumbani Tunayoipotosha

DHANA: Maji huchemka kwenye nyuzi 100.
Kila mtoto wa shule anayo hiyo kwenye daftari. Ni kweli, lakini kwa usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiongeza kuni huongezi joto la maji, unaongeza mvuke tu. Ndiyo maana maharage yaleyale huchukua muda mrefu zaidi Uyole kuliko Kyela, chini kule karibu na Ziwa Nyasa. Anayelaumu mbegu anaionea.

Mtoto alihakikishe mwenyewe. Loweka maharage ya aina moja usiku kucha, nusu yaende kwenye sufuria, nusu kwenye presha kuka, naye akae na saa na daftari. Presha kuka huzuia mvuke kutoka, mgandamizo ukapanda, maji yakavuka nyuzi 100. Kufungua mfuniko ni kazi ya mtu mzima, hilo halina mjadala.

DHANA: Kinachonaswa na sumaku ni kipande cha kimondo.
Watoto waliopelekwa Ndolezi kukiona kimondo cha Mbozi hurudi na imani hii. Kimondo kile kweli ni chuma, takribani asilimia 90, pamoja na nikeli. Lakini chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe kwenye mchanga wa mto: itatoka na chembe nyeusi zimesimama kama nywele. Nyingi ni magnetaiti, madini yenye chuma yanayonaswa na sumaku, kutoka kwenye miamba ya volkano, na Mlima Rungwe, hapa Mbeya, ni volkano. (Usisahau nailoni. Bila hiyo utabandua chembe hadi jioni.)

DHANA: Bila maabara hakuna sayansi.
Umeshaona jiko na mto.

DHANA: Habari za sayansi zinatoka ng'ambo.
Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba nyani mpya kwa wanasayansi ameonekana katika misitu ya Mlima Rungwe. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Rungwecebus, kwa jina la mlima huo. Wenyeji walikuwa wakimwita kipunji tangu zamani, na ni simulizi zao zilizowafanya watafiti waanze kumtafuta. Msomee mtoto habari hiyo, kisha mtume kwa babu akaulize ni wanyama gani wengine wa msituni anaowajua kwa majina.