Gitaa la 1959 kwa Bei ya Nyumba: Unalipia Nini Hasa?

Les Paul Standard, gitaa la umeme la kampuni ya Kimarekani ya Gibson, la mwaka 1959, likiwa halijaguswa na fundi, linauzwa dola laki kadhaa. Gibson hiyohiyo leo inatoa nakala yake kwa dola 7,000 hivi, yenye vipimo vilevile na vanishi ileile ya naitroselulosi. Anayeuliza kama la kale linastahili bei yake aamue kwanza anataka kupiga au kumiliki. Kwa mpigaji jibu langu ni hapana, isipokuwa kwa aina moja ya gitaa la kale ambayo wakusanyaji wanaikataa. Nitaifikia.

Bei hii haikuanza na sauti. Les Paul za rangi ya sanbasti, nyekundu pembeni ikififia hadi njano katikati, zilitengenezwa kati ya 1958 na 1960, na kwa miaka yote hiyo hazikufika 2,000. Wakati huo zilidoda dukani. Gibson ikaachana na umbo hilo na kuhamia lile jembamba lenye pembe mbili. Katikati ya miaka ya 1960 wapigaji wa bluzi wa Uingereza, Eric Clapton akiwa mmojawapo, wakazigundua, na kila mtu akazitaka wakati uzalishaji wake umeshasimama. Uzalishaji ulirudi 1968, lakini hakuna kiwanda kinachoweza kuongeza idadi ya magitaa ya 1959.

Sehemu ambayo sauti ina hoja kweli ni pikapu, yaani sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza (haki ya mvumbuzi) ya pikapu ya koili mbili mwaka 1955, na kuanzia 1957 ikabandikwa kibandiko cha kueleza kwamba hataza imeombwa. Koili moja ina mizunguko kama 5,000 ya waya mwembamba kuliko unywele, lakini mashine za wakati ule hazikusimama palepale kila mara, kwa hiyo pikapu mbili za gitaa moja zaweza kusoma ukinzani wa umeme wa kilo-omu 7.4 na 8.6. Tofauti hiyo inasikika. Ila pia inaigika: mafundi wa leo wanasuka pikapu zenye tofauti hizohizo kwa makusudi, kwa mamia machache ya dola kwa jozi, huku jozi ya asili ikiuzwa maelfu. Na kwa kuwa jozi ina bei yake peke yake, yapo magitaa yaliyochinjwa yakauzwa vipande vipande, na mengine yaliyounganishwa kutoka vipande hivyo kisha yakaitwa mazima.

Kuhusu mbao, maneno ni mengi kuliko ushahidi. Utafiti uliochapishwa 2018, ukiwahusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, ulitumia magitaa sita ya akustiki, yaani yasiyotumia umeme, yaliyotofautiana mbao za mgongo na ubavu tu, kuanzia za bei mbaya hadi za kawaida. Wapigaji 52 waliyajaribu bila kuyaona vizuri, na hawakuyatofautisha kwa kiasi cha maana. Ubao wa mbele na uundaji wake ni jambo lingine. Huo ndio unaopumua sauti.

Sasa, utajuaje kama gitaa la kale ni la asili? Nichukue Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, la 1962 au 1963, maana ndilo linalopimika vizuri kwa mkono. Kampuni iliuzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, Januari 1965 kwa dola milioni 13, na soko linalipa zaidi kwa yaliyotangulia tarehe hiyo. Namba ya kwenye bamba la nyuma usiitegemee: bamba limeshikwa na skrubu nne, mtu yeyote hulihamisha kwa dakika tano.

Legeza nyuzi zote kwanza. Fungua zile skrubu nne, toa shingo taratibu, usome kisigino chake. Kuanzia 1962 hupigwa muhuri kama 2 NOV 62B: tarakimu ya kwanza ni ya modeli, kisha mwezi na mwaka, na herufi ni upana wa shingo. Shingo za kabla ya hapo ziliandikwa kwa penseli. Ukirudisha skrubu, zizungushe kinyume kwanza hadi uzisikie zikitumbukia kwenye hesi yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukikaza moja kwa moja utachonga hesi mpya na kuila mbao.

Kisha fungua kinga ya plastiki ya mbele, skrubu 11 kwa miaka hiyo. Iliyo ya asili ni seluloidi yenye rangi ya kijani iliyofifia. Seluloidi husinyaa na uzee na kupasuka kwenye matundu ya skrubu, basi usiibinye wala kuikunja. Chini yake tafuta mashimo madogo ya misumari iliyoshikilia bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, wakati wa kupaka rangi. Misumari iling'olewa baada ya rangi, hivyo ndani ya shimo huonekana mbao tupu. Ukiona rangi imeingia ndani ya shimo, gitaa limepakwa upya, hata kama muuzaji anaapa.

Geuza kinga usome namba za poti, yaani vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti. 3046249 maana yake ni mtengenezaji 304, ambaye ni Stackpole, mwaka 62, wiki ya 49. Poti haisemi gitaa lilikamilika lini. Inasema tu kwamba halikukamilika kabla ya hapo, isipokuwa poti yenyewe iwe imebadilishwa. Fender ilinunua shehena kubwa ya poti mwaka 1966 ikazitumia kwa miaka kadhaa, kwa hiyo gitaa la 1968 lenye poti za 66 ni la kawaida kabisa. Angalia lehemu: ya asili imefifia, na waya zake zimefunikwa kwa kitambaa. Lehemu inayong'aa na waya wa plastiki ni kazi ya baadaye. Pikapu zipime kwa multimita, kilo-omu 5.5 hadi 6.5 ni sawa. Ikisoma kwamba hakuna njia, waya umekatika ndani, aghalabu kwa kutu ya sumaku, na kuisuka upya kunaiondoa kwenye hesabu ya vipande vya asili.

Malizia na tochi ya UV, ileile ya kukagulia noti, katika chumba cha giza. Vanishi ya zamani hung'aa kijani-njano. Sehemu iliyoguswa huonekana kama doa jeusi au zambarau, na mpasuko wa kichwa uliofichwa kwa rangi hujitokeza hapo. Magitaa ya Gibson yakague zaidi pale kichwa kinapoungana na shingo; kichwa kimeinama nyuma sana, mbao ni nyembamba pale, na kuanguka kutoka kwenye stendi kunatosha kuivunja.

Sasa hesabu. Rangi mpya hukata karibu nusu ya bei. Kichwa kilichovunjika, hata kikigundishwa vizuri, hukata karibu nusu vilevile. Freti mpya, yaani vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, zikiwekwa na fundi makini hupunguza kidogo tu. Na hapo ndipo mpigaji apachunguze: Stratocaster la 1963 lililopakwa rangi upya, lenye pikapu zake na shingo yake, linalia kama ndugu yake wa bei mara mbili. Mkusanyaji halitaki. Kwa fedha ya mpigaji, ndilo gitaa pekee la kale ninaloweza kulitetea.

Umaarufu wa mmiliki unavuruga hesabu zote hizi. Stratocaster jeusi la David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd lilibadilishwa shingo, pikapu na waya kwa miongo, likauzwa kwenye mnada wa Christie's mwaka 2019 kwa dola milioni 3.975. Gitaa la ujanani la John Lennon wa Beatles lilikuwa Gallotone Champion, gitaa la bei ya chee kutoka Afrika Kusini, la mbao za plaiwudi. Mwaka 1999 likavuka pauni 100,000 mnadani. Bei kama hizo zinanunua jina, hivyo muuzaji akikutajia kama mfano wa soko, badilisha mazungumzo.

Kwa akustiki za kampuni ya Martin, gharama iliyojificha ni shingo. Martin haikuweka chuma cha kurekebisha shingo hadi 1985, na mvuto wa nyuzi kwa miaka 50 huinua shingo nzima kutoka kwenye bodi. Weka rula iliyonyooka juu ya freti hadi ifike kwenye daraja, kile kipande cha mbao kwenye bodi ambapo nyuzi hufungwa. Ikigota chini ya ukingo wa juu wa daraja, na nyuzi zikiwa juu ya milimita 3 kwenye freti ya 12, shingo itabidi ing'olewe na kupachikwa upya. Hiyo ni kazi ya mamia ya dola, na si kila fundi anaiweza.

Anayenunua kama akiba ajue kwamba nyumba za mnada hukata ada kwa mnunuzi na kwa muuzaji, na duka likikuuzia kwa niaba yako hubaki na asilimia 15 hadi 20. Bei lazima ipande sana ndipo urudishe ulichotoa, na baada ya 2008 zilishuka kweli. Pwani yetu, Mombasa hadi Mtwara, inaongeza tatizo: gitaa linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa ya bahari haishuki huko. Kipimo cha unyevu ndani ya kasha ni lazima, pamoja na jeli ya silika inayokaushwa kila inapojaa.

Na kuna forodha. Shingo nyingi za Fender za miaka hiyo zimebandikwa juu yake mpingorangi (rosewood) wa Brazili, Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu wa Lindi na Kilwa. Mbao hiyo imekuwa kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, tangu 1992, na Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Bila cheti kinachothibitisha kwamba mbao ilivunwa kabla ya katazo, gitaa linaweza kuzuiwa bandarini. Cheti hicho hutolewa nchi ya muuzaji na huchukua muda, kwa hiyo kidai kabla hujatuma hela.