Kinatambulika na Nani? Dhana Potofu Kuhusu Ithibati ya Vyuo vya Jamii Marekani

Muhula wa Agosti ukikaribia, simu huanza. Mzee aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, sasa binti yake amemaliza sekondari hapa Marekani. Kijana wa Eldoret aliyechoka kubeba maboksi ghalani usiku. Mama wa Tanga anayelea wazee wa watu na kutamani kuwa muuguzi. Wote wanalenga chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili hivi, na swali ni lilelile: "Hicho chuo cha jamii kinatambulika?"

Nami huuliza: kinatambulika na nani? Wengine huona najifanya mjuaji. Lakini anayetoa fedha za masomo, anayepokea krediti zako (hesabu ya masomo uliyokwisha kufaulu) na anayekupa leseni ya kazi ni watu watatu tofauti, na kila mmoja huangalia karatasi yake.

"Ithibati hutolewa na serikali"

Ithibati ni uthibitisho kwamba chuo kimekaguliwa na kufikia viwango. Dhana hii tumekuja nayo kutoka nyumbani. Tanzania kuna TCU na NACTVET, Kenya kuna CUE na TVETA, vyote vyombo vya serikali. Ukikuta jina la chuo kwenye orodha yao, unalala usingizi.

Marekani mambo yamegeuka. Wizara ya Elimu ya shirikisho haitoi ithibati kwa chuo chochote. Inachofanya ni kuvitambua vyombo vinavyotoa ithibati, na vyombo hivyo ni jumuiya za watu binafsi zinazoendeshwa kwa ada za vyuo vyenyewe. HLC, yenye makao Chicago, inahudumia sehemu kubwa ya majimbo ya kati. SACSCOC iko kusini. ACCJC inashika vyuo vya jamii vya California na Hawaii.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chuo hujitathmini na kuandika ripoti ndefu juu ya fedha zake, walimu, maktaba, na wanafunzi wangapi wanamaliza. Kisha huja timu ya wageni: wakuu, walimu na wahasibu wa vyuo vingine, wengi wakijitolea. Hukaa siku chache, huhoji watu, huandika walichoona. Mwisho kamisheni, yaani baraza la chombo cha ithibati, hupiga kura. Mzunguko mzima hurudi baada ya miaka 7 kwa ACCJC, 10 kwa HLC, na katikati chuo huendelea kutuma ripoti. Tunasema kinyozi hajinyoi. Hawa wamepata dawa yake, vinyozi wananyoana. Binafsi naona mfumo huu una kasoro yake, maana leo unamkagua jirani na kesho yeye anakukagua wewe. Hata hivyo, mhasibu wa chuo huijua janja ya mhasibu mwenzake haraka kuliko afisa wa serikali.

Jimbo nalo lina nafasi yake: ndilo linaloruhusu chuo kufungua milango. Ila ruhusa hiyo ni usajili tu. Ukiambiwa "tumesajiliwa na jimbo", bado hujajibiwa kuhusu ithibati.

"Ithibati ya kitaifa ni kubwa kuliko ya kanda"

Kwa sikio la Kiswahili hili halina ubishi. Timu ya taifa inaishinda ya mkoa, gazeti la taifa linaishinda la wilaya. Ndiyo maana watu wamenaswa.

Kwa miaka mingi vyombo vya kanda, kama HLC na SACSCOC, ndivyo vilivyokagua vyuo vikuu vya umma, vyuo vya jamii na vile vikongwe visivyotafuta faida. Vile vya "kitaifa" vilikagua zaidi shule za ufundi na vyuo vya biashara vinavyotafuta faida. Vyuo vikuu vingi vilikuwa vikipokea krediti za upande wa kanda na kuzikataa za upande wa pili. Tangu Julai 1, 2020 kanuni za shirikisho zimeacha kuvitenganisha vyombo hivyo kwa majina hayo, lakini mazoea ya ofisi za usajili hayafutwi kwa kanuni. Bado kuna vyuo vikuu vinavyouliza ithibati yako ilitoka upande gani.

Tazama ITT Tech, mtandao mkubwa wa vyuo vya kutafuta faida, ambao matangazo yake ya televisheni watu wazima wa hapa wanayakumbuka. Ulikuwa na ithibati ya chombo cha kitaifa kiitwacho ACICS mpaka ulipofunga milango ghafla Septemba 2016. ACICS chenyewe kiliondolewa utambuzi na Wizara mwaka huohuo wa 2016, kikarudishiwa 2018, kikaondolewa moja kwa moja 2022. Kwa hiyo hata anayekagua naye hukaguliwa, na huweza kufeli.

"Chuo kikipewa onyo, vyeti vyake vimekufa"

Hapa ndipo uvumi unapoumiza watu zaidi, kwa sababu mtu huacha masomo katikati kwa kusikia nusu ya habari.

Julai 2012, ACCJC kiliitaka City College of San Francisco ijieleze kwa nini isinyang'anywe ithibati. Lawama kubwa ziliangukia akiba ndogo ya fedha na uongozi ambao haukueleweka nani anaamua nini. Mwaka mmoja baadaye kamisheni ikaamua kuifuta ithibati ifikapo mwisho wa Julai 2014. Jiji likaenda mahakamani, na Januari 2014 jaji akazuia ufutaji huo usitekelezwe. Mvutano ukaendelea mpaka Januari 2017, chuo kilipothibitishiwa ithibati kwa miaka 7 kamili.

Sasa hesabu: katika miaka hiyo yote, ni siku ngapi chuo kilikaa bila ithibati? Hata moja. Lakini wanafunzi walihama kwa maelfu, wengine wakidhani kimeshafungwa. Aliyebaki akamaliza, cheti chake kilikuwa na uzito uleule.

Onyo, uangalizi, na amri ya kujieleza ni ngazi. Chuo kikiwa juu ya ngazi yoyote kati ya hizo bado kina ithibati. Na krediti zilizopatikana ithibati ikiwa hai huhesabiwa hivyo hata kama chuo kitaanguka baadaye.

Kuanguka kwenyewe hutokea, sikatai. Compton, kusini mwa Los Angeles, ilipoteza ithibati ya chuo chake cha jamii mwaka 2006 baada ya miaka ya vurugu za fedha na uongozi. Hata hapo wanafunzi hawakutupwa barabarani. El Camino, chuo jirani cha Torrance, kilichukua jukumu; madarasa yakaendelea katika majengo yaleyale ya Compton chini ya ithibati ya El Camino. Compton ikarudishiwa ithibati yake 2017 na kusimama tena kama chuo kamili 2019. Mtu angeweza kuingia pale, kuhitimu na kupata kazi bila kubadilisha hata basi analopanda.

"Kikiwa na ithibati, krediti zangu zitahamia popote"

Anayeamua ni chuo kinachopokea. Ithibati humfanya msajili akubali kukaa chini na kukusomea karatasi; haimlazimishi kukubali kilichoandikwa humo.

Nilijifunza hili kwa mfuko wangu. Somo langu la hesabu kutoka chuo cha jamii lilipokelewa na chuo kikuu nilichohamia, ila kama somo la ziada, wala si kama lile linalotakiwa na idara yangu. Nikalirudia, nikalilipia mara ya pili. Alama niliyopata ilikuwa ileile!

Uliza mapema kama kuna makubaliano ya maandishi kati ya vyuo hivyo viwili kwa fani yako hasa. California, kwa mfano, sheria ya 2010 ilianzisha digrii ya miaka miwili iliyotengenezwa makusudi kwa kuhamia vyuo vikuu vya mfumo wa California State. Kinyume chake, ile digrii ya miaka miwili ya sayansi tumizi, ambayo imeundwa kumpeleka mtu kazini moja kwa moja, mara nyingi huacha krediti nyingi njiani. Na tunza silabasi za kila somo. Msajili akisitasita, hiyo ndiyo hoja yako.

"Chuo kina ithibati, basi kozi ya uuguzi nayo ina ithibati"

Mama wa Tanga, hapa ndipo pako. Ithibati ya chuo ni ya nyumba nzima. Kozi za afya zina wakaguzi wao wa chumba kwa chumba. Uuguzi wa ngazi ya digrii ya miaka miwili hukaguliwa na vyombo kama ACEN. Wasafishaji wa meno wana CODA, na wasaidizi wa tiba ya viungo wana CAPTE. Ukisomea kazi hiyo ya mwisho katika programu isiyo na ithibati ya CAPTE, leseni utaisikia kwa wenzako.

Kwa uuguzi kuna la kwanza kabisa kuliko yote: je, bodi ya uuguzi ya jimbo imeidhinisha programu hiyo? Bila hivyo hukai kwenye NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Ithibati ya ACEN au ya wenzake huja baada ya hapo, na faida yake huonekana ukitaka kuendelea mpaka shahada. Ukiambiwa programu "imeomba" ithibati, elewa kwamba haijapata.

"Kinatoa fomu ya I-20, kwa hiyo kina ithibati"

I-20 ni ya viza ya mwanafunzi. Kibali cha kuitoa hutoka Wizara ya Usalama wa Ndani, mlango mwingine kabisa.

Upande wa fedha ndiko ithibati inakobana kweli. Ruzuku ya Pell, msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, iliyofika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25, haiendi kwa mwanafunzi wa chuo kisicho na ithibati ya chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu, hata mwanafunzi awe na sifa zote.

"Tovuti ya chuo imeandika kina ithibati, yatosha"

Kuna vyombo vya ithibati vya kubuni, vyenye nembo ya tai na neno "kimataifa" kwenye jina. Wizara ya Elimu ina hifadhidata ya wazi iitwayo DAPIP, bure mtandaoni. Andika jina la chuo, kisha angalia mambo matatu: nani ametoa ithibati, hali yake leo, na kama tawi utakalosomea limo. Majina hufanana sana, na mji mmoja unaweza kuwa na vyuo viwili vinavyotofautiana neno moja. Mwambie binti asome jina zima, mpaka nukta ya mwisho, kabla ya kulipa ada.